Ulezi Umeota Ndani ya Boti

Nilipofungua stoo ya mbele ya boti baada ya siku kadhaa ziwani, watu waliokuja kupokea mzigo walinusa kabla ya kuona. Magunia ya ulezi ya shangazi Coleta yalikuwa yametoa mizizi myeupe kama mvi za kidevuni, na nilipoingiza mkono nikakutana na joto la mtoto mwenye homa. Mama mmoja wa kijiji kile cha ziwani akapiga makofi.

"Asante, kaka! Tuliagiza ulezi, umetuletea kimea. Tukapike pombe?"

Wakacheka wote. Nilibamiza mfuniko, nikageuza boti, nikarudi bandarini Kasanga na mzigo ulioharibika na hasira nzito kuliko mzigo wenyewe. Mwenzangu Masunga, Msukuma ambaye wazee wake walihamia Rukwa wakiswaga ng'ombe, alijaribu mzaha mmoja njiani. Nilimtazama, akaona afadhali ashughulike na injini.

Boti ile niliiunda mwenyewe. Niliiundia Mwazye, kijijini kwetu mlimani, nyuma ya nyumba ya mama, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni ya kisimani, na kila aliyepita aliniuliza kama nasubiri gharika. Nikaipandisha kwenye lori, nikaishusha ziwani, ikaelea. Ina stoo mbili, ya mbele na ya nyuma. Kila kiungo cha mbao nimekijaza pamba na lami. Mifuniko nimeivika bati, na kingo zake nimezizungushia mipira ya ndani ya baiskeli niliyoomba kwa mafundi wa mjini Mazwi. Na kila nikishapakia, napaka samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu kuzunguka mfuniko wote, kama bibi alivyokuwa akiziba mdomo wa kihenge. Watu wa ziwani waliniona napaka, wakashika mbavu. Niliwaacha washike. Sisi tumehifadhi nafaka tangu zamani, wao wamehifadhi nini zaidi ya harufu ya samaki?

Sasa habari ilikuwa imefika Kasanga kabla yangu. Simu hizi! Shangazi Coleta alikuwa pwani na akina mama wenzake wa Mwazye, na magunia ya safari ya pili yamepangwa mchangani. Hao ndio walionipa mzigo wakati hakuna aliyenijua. Wakiniacha wao, boti yangu ni kuni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

Aliyeongeza neno ni Isdori, mzaliwa wa pale pale, mwenye boti kubwa. Alikuwa ameegemea magunia kana kwamba tayari ni yake.

"Mama zangu, niliwaambia. Huyu ni mtu wa kihenge. Boti inavuja kama kapu, anaziba kwa mavi ya ng'ombe! Dogo, rudi mlimani ukalime."

"Boti yangu haivuji."

"Ulezi umejiotea wenyewe kwa furaha?"

Akina mama wakaguna. Mmoja akasema kwa Kifipa kwamba kijana ana mdomo ila hana mikono. Hilo ndilo lililonichoma. Waseme sina adabu, sawa. Waseme sina subira, sawa, mama ananiambia kila siku. Lakini sina mikono?

"Masunga, lete ndoo!"

"Ndoo ya nini, mshikaji?"

"Lete!"

Nikatoa magunia yaliyooza, nikayatupa mchangani, kisha nikachota maji ya ziwa nikamwaga ndani ya stoo yangu mwenyewe. Nikachota tena. Masunga akadhani nimerukwa na akili, lakini akachukua ndoo nyingine tukachota wote. Boti ikainamisha pua. Stoo ikajaa hadi ukingoni, na mimi nikachukua kitenge kikavu cha shangazi bila kuomba, nikafuta mbao za upande wa pili wa ukuta wa stoo, za juu na za chini, nikakiinua.

"Shika! Kamua! Kuna tone? Isdori, njoo wewe mwenye macho. Kama maji hayatoki, yataingilia wapi?"

Isdori alikuja. Akapapasa mbao kwa kiganja, akanusa kiganja, sijui alitafuta nini. Hakikuwapo. Akafuta kiganja kwenye suruali, nami nikanenepa.

"Semeni sasa! Nani hana mikono?"

Shangazi Coleta alichukua kitenge chake, akakikung'uta.

"Kwa hiyo maji hayaingii."

"Hayaingii!"

"Na yakiwa ndani hayatoki."

"Hayatoki hata tone!"

"Basi ulezi wangu ulilowa na nini?"

"Mliuleta mbichi!" Nilisema kwa sauti ambayo mtu hasemi mbele ya dada wa baba yake. "Hamkuanika vizuri. Mlinipa mzigo mbichi, mkaniachia aibu."

Kumwambia mwanamke wa Mwazye kwamba hajui kukausha ulezi ni kumwambia hajui kulea. Shangazi hakunipiga. Alifungua gunia moja la mzigo mpya, akachota kidogo, akanitia mdomoni kwa mkono wake kama mtoto.

"Tafuna."

Nikatafuna. Ulilia kwenye meno kama changarawe.

"Mbichi?"

Nikameza.

"Wa kwanza ulikuwa hivi hivi, niliuanika juu ya jiwe moja na huu. Kihenge cha bibi yako ulikiona sehemu gani, baba? Uliona samadi tu? Paa lake lilikuwa la nini?"

"Nyasi."

"Nyasi. Nyasi zinapumua. Wewe umeweka bati. Kule kwetu kwenye baridi, bati la nyumba ya mama yako linafanya nini alfajiri?"

Nililijua jibu. Kila mtu wa Ufipa aliyelala chini ya bati analijua, maana limemdondoshea matone usoni. Mchana jua la ziwani linalichemsha, usiku maji yanalipoza, na jasho lote la nafaka linarudi juu ya magunia, halina pa kutokea, kwa sababu fundi amehakikisha halina pa kutokea. Nilikuwa nimesimama pale na stoo iliyojaa maji, ushahidi wangu mwenyewe.

Isdori akaangua kicheko. "Kumbe dogo ni fundi kweli! Fundi wa chungu!"

"Funga mdomo wako!" Nilimrukia, Masunga akanishika kiunoni. Kibaya zaidi, sikuwa tena na mtu wa kumkasirikia isipokuwa bati.

Akina mama wakaanza kubeba magunia kwenda boti ya Isdori. Sikuwabembeleza. Niliyachota maji yote nje, nikafuta, nikachukua keekee, nikaanza kutoboa ukuta wa stoo chini ya ukingo wa mfuniko, upande huu na upande ule, upepo upite. Kila tundu lilikuwa kama natoboa paja langu. Juu ya matundu nikapigilia vipande vya dumu, vimeinama kama vipaa, wimbi likirusha maji yasiingie. Chini nikapanga fito, magunia yasilale sakafuni. Samadi nikaikwangua yote.

Nilipoinua kichwa, gunia moja lilikuwa bado mchangani, na shangazi amelikalia.

"Ya wenzangu siwezi kuyasemea," alisema. "Hili langu. Lipakie."

"Huniamini, kwa nini unipe?"

"Nani kasema nakuamini? Ninakwenda nalo."

Akapanda, akakaa karibu na stoo, akajifunga kitenge kile kile kichwani. Masunga akawasha injini haraka kabla hatujaanza tena. Tulipoacha ufuko jua lilikuwa kali, na maji yametulia.

"Fungua mfuniko," alisema.

"Nimeshatoboa matundu, shangazi! Yanatosha. Na mawimbi yakija?"

"Yakija utafunga. Yakiisha utafungua. Si umesema una mikono?"

Nikasaga meno. Nikafungua.