Nzuri Tu, Namshukuru Mungu

Mimi Gregori, mwalimu wa hesabu, nilitoka Maili Moja hadi Kisarawe kumwona daktari wa akili, maana kwenye kliniki ya karibu ningepanga foleni na wazazi wa wanafunzi wangu. Njia nzima nilikariri maneno yangu: silali, sili, na kengele ikigongwa huwa ninajifungia chooni nalia.

Daktari, mama mtu mzima, alinionyesha kiti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na kazi?"

"Nzuri tu."

"Unapata usingizi?"

"Napata, namshukuru Mungu."

Nilijisikia nikijibu kama kasuku aliyelelewa na watu wenye adabu. Daktari akaweka kalamu chini.

"Sasa mgonjwa umemwacha nje?"

Nikainuka kwenda kumwita. Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango nilipokumbuka kwamba mgonjwa ni mimi. Nikarudi kukaa, machozi yakaanza kunimwagika.

"Pole sana, baba."

"Nimeshapoa," nikasema, huku napenga kamasi.

Akanisubiri nimalize kulia.

"Alhamisi uje tena," akasema. "Na ukiingia, usinisalimie."