Mtungi Mtupu Langoni

Uzio wa makuti kati ya nyumba ya Upatissa na nyumba ya Mudiyanse ulianza ukiwa wa kiunoni. Majirani hao wawili walikuwa wakipitishiana juu yake chumvi, viberiti na umbea. Siku Upatissa alipolitoa gari bandani, aliupandisha uzio ukafika kifuani. Alipolikwangua rangi ya zamani, akaupandisha tena ukafika puani. Boneti ilipopakwa rangi mpya, uzio ulikuwa umempita mtu mrefu kimo, na juu yake kumetundikwa kiatu kikuukuu, boga jekundu na sanamu ya matambara iliyotoa ulimi. Vyote hivyo vilikuwa kwa ajili ya jicho la mtu mmoja tu.

Gari lenyewe lilikuwa Morris ndogo yenye mgongo wa mviringo. Baba yake Biso, mke wa Upatissa, alilitoa siku alipomwoza binti yake. Upatissa aliliendesha mpaka injini ikachoka, akalisukuma bandani, akasema atalitengeneza mwezi ujao. Mwezi ujao huo ulizeeka pamoja naye. Kuku wakahamia kiti cha nyuma, wakataga na kuangua. Na kila mwaka mpya, yeye na Biso waliposhuka kwenye basi kule Mawanella na fungu la tambuu mkononi kwenda kuwasalimu wakwe, Tikiri, kaka yake Biso, alikuwa akiwangoja barazani na swali lake lilelile.

"Shemeji, kuku wa marehemu baba hawajambo?"

Upatissa alicheka na wenzake. Moyoni hakuwahi kucheka hata mara moja. Basi alipostaafu kazi ya kupima ardhi aliapa mbele ya mkewe: mwaka mpya huu watauteremka mlima wa Kadugannawa ndani ya gari hilohilo, Biso akiwa ameketi pembeni yake. Mama mkwe, ambaye macho yalikuwa yakizima, atalipapasa gari la mumewe kwa mikono yake kabla giza halijamfunga. Na Tikiri atanyamaza.

Alifanya kazi, hilo tusimnyime. Alikwangua kutu, akapiga msasa mpaka kucha zikaisha, akaziba sakafu iliyotoboka kwa bati jipya. Injini ya asili aliipumzisha, akatia ya Kijapani yenye nguvu za kutosha magari mawili, na giaboksi yake, na breki za diski kwa mbele, na mikanda ya viti, na taa za kumulika mpaka bonde la pili. Kitu kimoja tu hakukibadili. Ni zile pini mbili zinazoshika magurudumu ya mbele, zinazozunguka ndani ya nyuzi zake, kama skrubu, kila dereva akikata kona. Mpya alizinunua, akazitazama, akazirudisha. Kosa lilikuwa la mwenye duka, aliyezisifu.

"Mali safi hiyo, mzee. Kandy nzima hupati kama hizo."

Upatissa aliamini kwamba anayekusifia kitu ana lake jambo. Alizisafisha pini za zamani, akazipaka rangi nyeusi juu mpaka chini zikang'aa, akasema chuma cha zamani ndicho chuma.

Sasa Mudiyanse. Huyu alikuwa dereva wa basi kabla ya kustaafu, mpole, mwembamba, na kijiji kizima kilimjua kwa mdomo wake. Aliusifu mfenesi wa shule, mfenesi ukapukutisha matunda mabichi. Alisema ng'ombe wa mtu ana maziwa, ng'ombe akakauka. Watu waliyacheka hayo, mpaka siku alipompakata mtoto wa dada yake akasema, "Mzito huyu, kanona," na kabla mwezi mwingine haujaandama homa ikamchukua mtoto. Dada yake hajamfungulia mlango tangu siku hiyo. Mudiyanse naye akaufunga mdomo. Harusini hutazama sakafu. Akionyeshwa mtoto mchanga hugeukia ukutani.

Mwenye moyo angemhurumia. Upatissa alipiga hesabu yake akaona kwamba sumu isiyotoka mdomoni lazima itapita machoni.

Ushahidi aliupata, maana anayeutafuta haukosi. Rangi ya mlango ilivimba mapele. Kioo cha mbele kikaingia ufa. Asubuhi moja akaona tundu kwenye makuti, la kupitisha kidole, na ndani ya tundu kuna jicho. Akaliziba kwa makumbi ya nazi. Kesho yake likafunguka jingine, chini zaidi.

"Usawa wa gurudumu," alimwambia mkewe. "Mtu anayetaka kuona gari huchungulia juu. Huyu anatafuta nini huko chini?"

"Labda mgongo unamuuma," Biso akasema.

"Na rangi je? Nayo imevimba kwa sababu ya mgongo wake?"

"Rangi uliipaka na manyunyu yanadondoka, baba Ruwani, nikakwambia ungoje. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua."

Upatissa alimtazama mkewe kwa makini. Aliona kama naye ameshaanza kulishwa maneno.

Siku ya kulijaribu gari barabarani alikwenda kwa mnajimu akapewa saa njema. Akaweka ndimu za kuondoa nuksi chini ya kila gurudumu azipondeponde wakati wa kutoka. Biso akafungua lango. Hapohapo Mudiyanse akakatiza mbele yao na mzigo wa kuni kichwani. Safari inayoanza kwa kukutana na kuni haimfikishi mtu, na hakuna asiyejua hilo, kwa hiyo Upatissa akazima injini akarudi ndani. Mnajimu akampa saa nyingine juma lililofuata. Lango likafunguliwa, na Mudiyanse akawa amesimama palepale na mtungi, ameuinamisha mdomo chini ili kila mwenye macho aone kuwa ni mtupu. Mtungi uliojaa ni heri kwa msafiri. Mtupu, bora ulale nyumbani.

Jioni ile Upatissa alimwita kutoka upande wake wa uzio, kila mmoja hamwoni mwenzake.

"Mudiyanse. Si una bomba jikoni? Siku hizi unateka maji wapi?"

"Kisimani, kaka."

"Kisima kilichokauka?"

"Ndiyo maana mtungi ulikuwa mtupu."

"Unanichezea shere."

"Sikuchezei, kaka. Mwaka mpya mnateremka Mawanella?"

"Inakuhusu nini?"

"Sina neno. Nasema tu mabasi ni mengi siku zile. Viti vyake si vibaya."

Upatissa alikuwa ameshasikia alichokuwa akikitaka: wivu umesema wenyewe, kwa sauti yake, tena bila kuulizwa. Usiku alimwambia Biso kwamba yule mtu hatalala mpaka awaone wamerudi kwenye basi.

Kikafuata kifurushi. Kilionekana asubuhi mwaka mpya ukiwa umekaribia, kimelazwa chini ya nguzo ya lango: kipande cha gunia kilichofungwa kwa kamba, kizito, kinanuka mafuta. Kitu kilichofungwa kwenye tambara na kuwekwa mlangoni pa mtu si zawadi. Kuna waliopooza kwa vitu vya namna hiyo, na kuna waliofilisika. Upatissa hakukigusa kwa mkono. Alikibana kwa koleo la jikoni, akaenda nacho darajani mkono umenyooka mbele, akakitupa mtoni. Kilizama kwa kishindo. Akanawa kwa maji ya manjano na ndimu, akarudi akaongeza makuti.

Mwaka mpya ukaingia. Maziwa yalichemshwa jikoni mpaka yakafurika, dalili njema, na wali wa maziwa ukaliwa, na maandazi ya asali. Tikiri alipanda kutoka Mawanella kwa pikipiki, shati jipya, meno yote nje.

"Nimekuja kuwasindikiza kuku, shemeji. Wasije wakaogopa kona."

Kisha akaliona gari, na maneno yakamwishia. Lilisimama uani rangi ya maziwa, kila nikeli inang'aa, madigadi za mbele zimevimba kwa fahari. Majirani waliokuja kutazama walizunguka wakisema, "Baya hili, baya kabisa," kama mtu mwenye adabu anavyotakiwa kusema mbele ya kitu cha mwenzake. Biso aliingia na fungu la tambuu mapajani. Alikuwa amevaa sari ya kijani, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Upatissa alimwona mkewe amekaa kama bibi harusi. Alifurahi mpaka akaogopa.

Saa njema ikafika. Ndimu zikapondeka. Lango likafunguliwa.

Mudiyanse alikuwa katikati ya njia, na mtungi wake, mdomo chini.

Minong'ono ikasikika. Biso akamgusa mumewe mkono. "Zima, baba Ruwani. Tungoje saa nyingine."

"Tutangoja mpaka lini? Mpaka nife?" Alipiga honi. Mudiyanse hakusogea. Upatissa alitoa kichwa dirishani. "Ondoka, mwanaharamu wewe. Umeniroga bandani, umeniroga langoni, sasa unataka nini?"

Mudiyanse alitikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imebanwa mpaka imegeuka rangi, na macho yake yalikuwa kwenye gurudumu.

Tikiri alikuwa anatazama. Pengine bila Tikiri mambo yangekuwa mengine. Upatissa aliingiza gia, akakata usukani wote upande wa mfereji ili ampite, na gari halikuwa limezidi hata mwendo wa mtu anayetembea pale chuma kilipolia chini yao. Upande wa kulia ukaanguka. Gurudumu lilijikunja likalala chini ya madigadi, na Morris ikapiga magoti langoni mbele ya watu wote.

Kila mtu akasema kwa wakati mmoja. Ni yeye. Ni jicho. Mtu mzima hana haya, siku ya mwaka mpya. Tikiri alimkamata Mudiyanse ukosi wa shati, mtungi ukaanguka ukapasuka. "Shemeji," akasema, na safari hii hakukuwa na kejeli, "nisamehe. Mimi nakucheka miaka yote, kumbe una adui amelala ukutani kwako."

Upatissa alikuwa ameshaingia chini ya gari. Aliishika ile pini. Ilikuwa imechomoka nzima kwenye nyuzi zake, na alipoingiza kidole hakukuta nyuzi, alikuta ulaini mtupu, kavu, bila grisi hata ya kusingizia. Tundu la kutilia grisi lilikuwa limezibwa na rangi nyeusi. Aliijua rangi ile. Aliijua hata brashi.

Alibaki pale chini. Aliwaza kona za Kadugannawa, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande ule, injini ya Kijapani inavuma, na Biso na tambuu zake. Huko nje watu walikuwa wamekwishamtengenezea la kusema. Alihitaji kunyamaza tu. Tikiri hatamcheka tena maishani.

Akatoka, magoti yamejaa vumbi.

"Mwachie, Tikiri."

"Huyu? Nimwachie?"

"Gari nimelivunja mimi. Pini zilikuwa zimelika, nikazipaka rangi nikaona zimepona." Akamgeukia Mudiyanse. "Wewe uliona."

"Niliona ulipolipiga jeki. Gurudumu lilikuwa linacheza." Sauti ya Mudiyanse ilikwaruza kwa kukaa bila kutumika. "Mimi nilikuwa na Morris zamani, kabla hamjahamia hapa. Ilipiga magoti hivyohivyo, mteremkoni. Mti mmoja tu ndio ulionizuia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia gurudumu litang'oka, kaka. Halafu ling'oke. Ungesema nani kaling'oa?"

Jibu Upatissa alikuwa nalo, na kila aliyesimama pale alikuwa nalo.

"Nikaona nikuwekee tu," Mudiyanse akaendelea. "Pini mpya, langoni. Kwenye gunia. Nikadhani ukiziona utajua. Hukuziona?"

Upatissa alikisikia tena kile kishindo cha mtoni. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na hakutafuta pa kuificha.

"Niliziona," akasema. Kisha akaonyesha gari kwa mkono. "Litazame. Hujalitazama hata siku moja, umechungulia tu. Litazame unambie umelionaje."

"Baya," Mudiyanse akasema upesi, macho chini.

"Hao ndio wanaosema baya. Wewe sema unavyoliona."

Wanawake wawili walijifunika vichwa. Mudiyanse aliinua uso. Alianzia taa za mbele, akapita boneti, akazunguka mgongo wote taratibu.

"Zuri, kaka," akasema. "Zuri mno."

Hofu ilimjia Upatissa ileile ya siku zote. Hakutema mate chini wala hakushika ndimu. Alikaa nayo tu, akamwona Biso anajifuta macho kwa ncha ya sari, akajua la kufanya. Aliinama akaling'oa bakuli la nikeli lililofunika kitovu cha gurudumu lililokunjika, akalipangusa kwa shati lake, akalilaza juu ya tambuu.

"Mama atapapasa hili kwanza," alimwambia mkewe. "Twende, basi litatuacha."

Tikiri alibeba mzigo. Alianza kusema kitu kuhusu kuku, akamwangalia dada yake, akakiacha. Upatissa alitoa ufunguo wa gari mfukoni, akaushika kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akautia kiganjani mwa Mudiyanse bila kumwagiza lolote.

Walipofika njia panda aligeuka. Lango lilikuwa wazi vilevile. Mudiyanse alikuwa amepiga magoti kando ya gari, mkono juu ya madigadi, peke yake, na mdomo wake ulikuwa unakwenda. Alikuwa anaongea nalo. Upatissa aliendelea kutembea.