Jeti ya Kinuthia Bwawani

Uliisikia jeti ikinguruma bwawani leo Jumapili, jirani, ukageuza uso, ukasema hayo ni mambo ya wakubwa. Wakiuru hakuwa na pa kugeuzia uso. Miche yake ya mpunga huku Mwea ilikuwa inanyauka na mfereji umebaki matope, kwa hivyo alipanda hadi bwawani kuuliza maji yamekwenda wapi.

Maji yalikuwepo, tele. Katikati yake Kinuthia, mwenye hoteli kule Nyeri, alikuwa akizunguka juu ya jeti yake, ile pikipiki ya maji, kama bata aliyepewa cheo.

"Mbona lango la mfereji limefungwa?" Wakiuru alimuuliza Dishon, mlinzi wa bwawa.

"Tulia, mama. Hii mashini inavuta maji chini, inatema nyuma, ndio inakimbia. Maji ikipungua itavuta matope iharibike."

"Kwa hivyo mpunga yangu ndio iharibike."

"Zile za zamani mtu alikuwa anasimama peke yake. Hii iko na kiti ya watu watatu, breki, hata redio."

"Ati redio. Basi itutangazie njaa."

Kinuthia akawapungia mkono. Wakiuru alikumbuka babake na majirani wakilichimba bwawa hilo kwa majembe, wakiahidiwa maji ya shamba, si ya michezo ya tajiri. Akalishika gurudumu la kufungulia lango, akasukuma. Lilisogea kidogo, likakwama. Dishon hakumzuia, wala hakumsaidia.

Bado anasukuma. Gurudumu hilo linataka watu wawili. Inuka hapo ulipo, panda bwawani, ushike upande wa pili sasa hivi.