Pembe Nyuma ya Mgongo

Askari wetu wa jiwe ni mtu wa heshima ukimtazama kwa mbele. Kofia ya unyoya, kidevu juu, bunduki begani, macho yameganda kwenye roshani ya ofisi ya kijiji. Wageni humpiga picha wakaenda zao. Lakini jikoni kwangu ni nyuma yake, na kwa nyuma mambo ni mengine. Mkono wa kushoto kaupeleka mgongoni, kidole cha shahada na kile cha mwisho vimenyooka, vya kati vimekunjwa. Pembe hizo. Tena zimelielekea dirisha langu, pale pale ninaposongea ugali.

Kwetu huku milimani pembe zina maana mbili. Ukimnyooshea mtu zikitazama juu, unamwambia mkewe anatoka nje na yeye ndiye wa mwisho kujua. Zikitazama chini, unafukuza nuksi. Sasa hizi za askari hazitazami juu wala chini. Zinaitazama nyumba ya akina Dereani, na watu wakiachiwa wachague wenyewe kati ya kinga na tusi, mnajua watachagua nini.

Hiyo ndiyo nyumba niliyoolewa. Leonardo Dereani, babu wa marehemu mume wangu Sereno na wa shemeji yangu Duilio, alikwenda vitani hakurudi. Huku nyuma mkewe Delfina akajifungua mtoto wa kiume, ndiye baba yao Sereno na Duilio, na kijiji kizima kikageuka wakunga, kila mtu anahesabu miezi. Vita vilipokwisha, sanamu aliichonga rafiki wa Leonardo, aliyekuwa naye handaki moja. Walipomuuliza mkono ule una nini, akasema, "Anayejua anajua," kisha akapanda meli kwenda Ajentina. Na kijiji kikajua: rafiki anamsemea marehemu kwamba mkewe hakumngoja.

Kwa miaka mingi kuvu jeusi liliuvika mkono ule kama soksi, tukapumua. Mwaka jana, vuli ilipoingia, mkoa ukamleta binti mmoja anaitwa Fosca, suruali imejaa mifuko, ana brashi na dawa, aje kumwosha askari. Akamwosha. Pembe zikatoka zinang'aa kama meno ya kununua.

Wiki hiyo hiyo Duilio akaja jikoni kwangu. Ana miaka themanini na mbili, na moyo wake ulikuwa umepangiwa kupasuliwa mwezi wa kumi na moja. Akavuta kiti, akaketi kaligeuzia dirisha mgongo.

"Nives," akasema, "nikifia hospitali, msinilaze kaburi la Dereani."

"Tukulaze wapi, bustanini na kabichi?"

"Popote. Pale ni pa Dereani. Mimi sijui ni nani."

"Wewe ni Duilio, na hujafuta viatu."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa, maana Duilio hucheka hata msibani.

"Shubaka langu nimempa Ulderico," akasema. "Damu yake haina maswali."

Kaburi letu ni ukuta wenye mashubaka ya kuingizia majeneza, na yalikuwa yamebaki mawili tu, langu na la Duilio juu yangu. Ulderico ni mjukuu wa kaka yake Leonardo, naye pia alifia vitani. Huyo bwana hupiga mluzi puani kila akivuta pumzi. Nimekaa naye kanisani, ibada ya saa moja tu, nikatoka naumwa kichwa. Milele, jamani, si saa moja. Lakini yangu yalikuwa madogo. Aliyeniuma ni Duilio mwenyewe, anakwenda kulala chini ya visu vya madaktari huku anajiona mtu wa kuokotwa.

Nikaanza kumshuku kila mtu. Nikaenda kwa Argia, mwenye baa, nikaagiza kahawa nisiyoitaka.

"Nani kamjaza Duilio maneno?"

"Sijui mimi," Argia akasema, akifuta kikombe kilichokwisha kukauka. "Ila Ulderico kila asubuhi anampelekea yule binti kahawa. Na yeye mwenyewe hata maji hajawahi kumnunulia mtu hapa."

"Na wewe ulisema nini?"

"Mimi? Nilisema tu zile pembe zimetakata."

"Kwa sauti?"

"Nives, hii ni baa, si kanisa."

Nikamfuata Fosca pale juu ya ngazi yake. Alikuwa anapiga picha mkono tu, mkono, mkono, uso wa askari hautazami kabisa. Nikashuku.

"Binti, umeona nini huko nyuma?"

"Ndilo ninalotafuta, mama. Wenzangu mjini wanadhani ni pembe za mbuzi wa milimani, nembo ya kikosi chake."

"Mbuzi mgongoni?"

"Hata mimi halijaniingia," akasema, akacheka. "Yule mzee wa mluzi ananiambia ni habari ya mke fulani."

Basi, nikajua. Lakini kujua aliyewasha moto hakuuzimi.

Ikaja tarehe nne Novemba, siku ya kuwakumbuka wa vita. Meya Loris alimwomba Duilio aweke shada la maua, maana wajukuu wa wale waliochongwa majina chini ya askari wamekwisha wote isipokuwa yeye na Ulderico, na Ulderico hainami, mgongo. Duilio akakubali papo hapo. Mtu ambaye miaka yote hukipita kiwanja cha askari kwa kukimbia! Nikamshuku na yeye. Asubuhi akapita kwangu kunywa kahawa, koti limening'inia upande mmoja. Nikalipapasa anaponawa mikono: nyundo.

"Hii ni ya kupigilia shada?"

"Rudisha, Nives."

"Utamvunja vidole mbele ya padri?"

"Watu wakiinamisha vichwa. Mara moja tu. Niende hospitali nimemaliza."

Nyundo nikaitumbukiza kwenye pipa la siki, nikakalia kifuniko. Akaondoka. Lakini wanaume wa ukoo huo nawajua, hawawi na nyundo moja. Kwa hiyo niliposimama mlangoni kwangu, nyuma ya askari, miguu yangu haipendi kwenda mbele zaidi, sikumtazama meya wala padri wala tarumbeta. Nilitazama mikono ya Duilio.

Akaweka shada. Akarudi nyuma akasimama ubavuni mwa askari, wote wawili wakitazama roshani. Meya alikuwa huko juu na kipaza sauti. Akasema ya mashujaa, akasema ya nchi, kisha, mtoto wa watu, akataka kuwa mwema.

"Na huyu Duilio wetu! Wiki ijayo anapasuliwa moyo, lakini mwoneni, chuma! Huyu hafi leo wala kesho! Atatuzika sote!"

Ee Mungu wangu. Kwetu mtu hakusifii uzima hadharani ila anayetaka kukuzika. Kiwanja kizima mikono ya wanaume ikapotea mifukoni kufukuza nuksi, sitasema ilikwenda kushika nini. Na mkono wa kushoto wa Duilio ukaenda nyuma. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo nyundo ya pili. Haikuwa nyundo. Kidole cha shahada na cha mwisho vilinyooka, vya kati vikakunjwa, kiganja kimelala kwenye kiuno, pembe zimetoka moja kwa moja kunielekea mimi.

Mkono wa jiwe na mkono wa nyama, bega kwa bega. Mmoja.

"Duilio!" nikapiga kelele, tarumbeta ikakatika. "Usiuondoe mkono! Atakayeuondoa nitamng'ata!"

"Nives, nyamaza, kuna ibada!"

"Ibada itangoja! Njooni huku nyuma, njooni nyote!"

Wakaja. Padri akaja, Argia akaja, Fosca akaja mbio na kamera yake. Meya akabaki roshanini anauliza kama kipaza sauti kimeharibika.

"Unamtukana nani hapo, Duilio?" nikamuuliza.

"Simtukani mtu! Hukumsikia mpumbavu yule? Ananiloga!"

"Na mbona unamnyooshea mke wa kaka yako?"

"Sikunyooshei wewe! Ninayejikinga naye yuko mbele. Nifiche wapi mkono, mdomoni?"

Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe. Akageuza kichwa polepole, akautazama mkono wa jirani yake.

Kila mtu akainua macho kwenye roshani. Wazee wetu walituambia: hapo juu ndipo walipopanda mabwana kuwaaga vijana, wakawaahidi kwamba watarudi wote na nishani. Fosca akanong'ona, "Anawatazama wasemaji. Anajikinga nao." Akaanza kupiga picha uso.

Ulderico akapenya mbele, pua inaimba. "Bahati tu hiyo. Na miezi? Ile miezi ya Delfina?"

"Mkono hauhesabu miezi, Ulderico," nikasema. "Waliohesabu ni ninyi."

"Hata hivyo, shubaka alishanipa! Mbele ya watu, pale kwa Argia!"

Duilio akaushusha mkono, akauchezesha kama mtu aliyetoka kuulalia.

"Nilikupa nikidhani mimi si wa ukoo," akasema. "Asiye wa ukoo hana shubaka la kugawa. Na kama ni wa ukoo, nalitaka mwenyewe. Chagua unayoipenda."

Argia alicheka mpaka akamshika padri bega. Ulderico akaondoka na mluzi wake.

Mchana huo nilimpakulia Duilio ugali na jibini la kukaanga. Alikula kiti kikitazama dirisha, lakini alipomaliza sahani akaanza kuikwangua kwa uma.

"Nives," akasema, "askari sawa, nimemwelewa. Lakini Delfina je? Kama walihesabu vizuri?"

Ningeweza kumdanganya, na kudanganya nakuweza. Ila alikuwa ananitazama usoni.

"Sijui, shemeji. Hakuna ajuaye ila yeye. Na yuko shubaka la chini kabisa. Siku ukilala pale, mgongee umuulize."

"Atanijibu?"

"Bibi yako huyo. Ila hana haraka, na wewe usiwe nayo."

Akasukuma sahani mbele, akataka aongezwe.