Sabuni Kwenye Mbao

Kabati la nguo lilikuwa limelazwa chali uani, milango juu, likisubiri kupakiwa kwenye lori. Tulikuwa tunahama. Mjukuu wangu alikuwa amenuna tangu asubuhi, eti yeye haendi kokote. Nikajua yuko chumbani anamalizia kununa. Nilikaa langoni, kando ya mtaro, nasugua masufuria, karai la mchanga pembeni yangu.

Mbao mbili zilitoka kwenye sakafu ya saruji ya ua zikapanda hadi kwenye lori. Mkwe wangu, baba wa mtoto, alisukuma kabati mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Wapi!

"Bibi, umeweka mawe humu?" akauliza mpagazi tuliyemwita Tingatinga, akivuta kamba kutoka juu ya lori.

"Mwili wa lori, nguvu za baiskeli! Vuta," nikamjibu.

Mkwe akachukua mche wa sabuni, akazisugua mbao, akamwagia maji. Kweli kabati likalegea, likapanda kwa raha zake. Maji ya sabuni yakatiririka sakafuni kuja langoni.

Lilipofika katikati, nikaona kitambaa cha njano kimebanwa na mlango. Gauni la mjukuu wangu. Nilimvisha mwenyewe asubuhi ile, nikamfunga vifungo vyote.

"Msiachie," nikasema. "Mtoto yumo ndani."

Mkwe aligeuka, mguu ukateleza, akaanguka kando. Uzito wote ukabaki kwa Tingatinga. Kamba ikamchomoka, ikamchuna viganja. Kabati likaanza kushuka taratibu, kama linasitasita. Kisha likashika kasi, na kadiri lilivyoshuka kasi ikazidi. Nilidhani likigusa saruji litasimama. Saruji nayo ilikuwa na sabuni. Likaja moja kwa moja kuelekea mtaroni.

Nilinyanyua karai, nikamwaga mchanga wote mbele yake. Kabati likakwaruza, krrrr, meno yakanisisimka, likapunguza mwendo, likasimama, pembe moja ikining'inia juu ya mtaro.

Mkwe alikuja akitambaa. Mlango nikafungua mimi.

Mjukuu alikuwa amelala juu ya makoti, kakunja uso.

"Tumeshafika?"

"Bado, mama," nikamwambia.

Baba yake akakaa kwenye maji ya sabuni, akalia kama mtoto.

Kabati tulilipandisha alasiri, milango tumeing'oa, mbao tumezisuuza na kuzikausha. Lilikuwa zito kupita kiasi. Hakuna aliyelalamika.