Mwalimu Honorata Apata Seva Yake

Mwalimu Honorata alipofungua tovuti yake, alikuta matangazo ya kamari yakiwaka na kuzimika mahali palipokuwa na sauti ya Bibi Wema, msimulizi wa kijiji cha Kagunga. Tangu astaafu alikuwa akipanda boti kwenda vijiji vya mwambao wa ziwa kurekodi wazee wakisimulia hadithi kwa lugha yao ya Kiha. Rekodi zenyewe alikuwa nazo nyumbani Kasingirima, lakini aibu ilimwumiza: watu walikuja kumsikiliza bibi, wakakaribishwa na kamari.

Akaenda Ujiji kwa Shadia, fundi wa kompyuta aliyepata kuwa mwanafunzi wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wameivamia tovuti yangu."

Shadia aliichunguza tovuti, kisha akasema, "Kwenye seva hii, kompyuta inayohifadhi tovuti yako, mmepanga wengi, mnapita mlango mmoja. Mwizi kapitia kwa jirani. Tukukodie seva ya peke yako. Mashine itakuwa bado ya kampuni inayoikodisha, ila sehemu yako ina kuta zake na ufunguo wake. Lakini ujue, ukihamia huko, mlinzi ni wewe."

"Basi nifundishe kulinda."

Honorata alitaka seva yenye nguvu kuliko zote. Shadia akacheka. "Nguvu za kulimia? Sauti zinataka nafasi, mwalimu, na njia fupi ya kumfikia msikilizaji."

Akamchukua hadi mwaloni Katonga, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Pale, katikati ya akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa, alitoa simu ya bei rahisi na kujaribu seva mbili, moja ya Ulaya na nyingine ya Afrika Kusini.

"Wasikilizaji wako ndio hawa," alisema. "Tukipimia ofisini kwangu tutajidanganya."

Ile ya Ulaya ilisuasua. Ya Afrika Kusini ikatoa sauti upesi, na mama mmoja akaacha dagaa wake akasogea kusikiliza. Honorata alimtazama Shadia kwa macho mapya. Wapo mafundi wengi mjini, lakini nani angefikiri kuja kupimia kwenye harufu ya samaki?

Kazi ya kulinda ilipoanza, Shadia alikataa kugusa kompyuta. Alikaa pembeni, akaelekeza kwa mdomo tu. Honorata akasasisha mfumo, akajitengenezea jina la kuingilia lililo lake badala ya lile la mkuu wa mfumo linalojulikana na wezi wote, kisha akatengeneza jozi ya funguo: mmoja ukabaki kwenye kompyuta yake, mwenzake ukakaa kwenye seva. Alipohakikisha zinafungua, akazima njia ya kuingia kwa nywila. Kilichobaki kilikuwa kufunga milango ya mtandao isiyotumika.

Hapo pupa ikamponza. Alisimamisha ukuta wa ulinzi kabla hajauambia uache mlango wake mwenyewe wazi. Skrini ikaganda.

"Mungu wangu! Nimejifungia nje!"

Alingoja kukaripiwa. Shadia akamimina chai.

"Pole, mwalimu. Mimi nilijifungia nje ya seva ya ofisi nzima, bosi kasimama nyuma yangu. Ingia kwenye tovuti ya kampuni, kuna skrini ya dharura. Ndiyo mlango wa uani."

Honorata akapitia huko, akaufungua mlango wake, akausimamisha ukuta upya, safari hii kwa utaratibu. Jasho lilimtiririka, lakini ilikuwa kazi ya mikono yake.

Nakala ya akiba ya hadithi zote ilipokwisha kuwekwa pembeni, Shadia akamwamuru afute hadithi moja kwenye seva. Honorata akashtuka.

"Futa, halafu uirudishe kutoka kwenye nakala ya akiba. Nakala usiyoijaribu usiitegemee."

Akaifuta, kisha akairudisha kutoka kwenye nakala. Hadithi ikarudi nzima.

Walipotazama kumbukumbu za seva, tayari watu wasiojulikana walikuwa wakijaribu majina na nywila, mmoja baada ya mwingine, na wote wakigonga mwamba.

"Wanabisha hodi," Honorata alinong'ona.

"Waache wabishe."

Jumapili, nje ya kanisa, alimsimulia rafiki yake Clementina. "Yule binti angeweza kunimalizia yote kwa mchana mmoja, nikamshukuru nikaenda zangu. Lakini alikaa na mimi wiki nzima, akinisubiri nikosee na kurekebisha. Mimi nimefundisha maisha yangu yote, Clementina, na sidhani kama nilipata kuwa na subira ile."