Gunia la Ndengu la Mbinya

Haya ni kweli tupu. Kukiwa na neno moja la uongo, meno yangu matatu yaliyobaki yang'oke leo hii.

Mwaka wa sabini na sita, hapa Kanyangi, Kiema alikuwa akimtazama mkewe akiisha. Mbinya alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na kwa hii ya tatu alisimama kanisani akamwahidi Mungu hataonja nyama, maziwa wala yai mpaka ajifungue. Watu wakapiga makofi. Kiema naye akapiga, asijue anachopigia.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, walitoa ndengu na kunde zao zote kanisani, gunia zima, maana Mungu hapelekewi makombo. Nyumbani yakabaki mahindi. Wakayatwanga muthokoi, maganda yakaenda kwa kuku, wao wakala ule weupe mtupu kwa chai ya rangi, asubuhi, mchana na jioni.

Mbinya akapauka viganja. Akitoka mtoni na maji, anakaa chini mara tisa. Hata mbu, nawaambia, walitua mkononi pake, wakaonja, wakahamia kwa jirani!

Kiema akachinja jogoo, akachanganya supu na muthokoi kwa siri. Mbinya akanusa.

"Kiema, unataka nimdanganye Mungu na mtoto bado yuko tumboni?"

Akasukuma sahani. Kiema alimla yule jogoo peke yake, machozi yakimtoka.

Kliniki, nesi Wariara alimfunua Mbinya kope, akamgeukia Kiema.

"Baba, damu iko chini sana. Akivuja kidogo tu siku ya kujifungua, tutampoteza."

"Nimlazimishe nyama?"

"Nani amesema nyama? Kuna watu hawaigusi maisha yao yote na wako na nguvu kukushinda. Ale ndengu, kunde na majani yake, akamulie ndimu. Na hiyo chai aiache saa ya kula, inazuia chakula kumpa damu."

"Na dawa?"

"Vidonge vya damu vimeisha. Gari litakuja mwezi ujao."

Kiema akaenda moja kwa moja kwa mzee wa kanisa aliyeshika ufunguo wa stoo.

"Nirudishie hata nusu, mzee. Mke wangu anakufa."

"Kilichotolewa kwa Mungu hakirudi, kijana. Nenda ukaombe."

Kiema hakwenda. Aliketi mlangoni mwa stoo, akinusa ndengu zake mwenyewe kupitia ufa wa ubao, hajui aanzie wapi kuomba.

Sasa sikieni. Yule mzee, mtu wa moyo laini, tena mzuri wa sura, roho ikamsuta. Akajitwika gunia, akazunguka mpaka Nuu, mwendo wa siku mbili, kwa sababu mto ulikuwa umefurika, akafika kwa Kiema uji wa mchana haujapoa...

"Gunia gani?"

Nikageuka. Mbinya mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu, ameegemea fimbo.

"Mzee Jonah, wacha uongo. Ndengu zetu ulizipakia kwa lori la kwenda soko la Malili, ukaziuza. Kiema alizunguka na bakuli akiombaomba kunde kwa majirani, hazikutosha. Mimi nilipona. Mtoto aliishi siku mbili tu."

Wasikilizaji wangu wakatazama chini. Niliingia stoo yangu, nikaburuta gunia la ndengu, nikaliweka miguuni pake. Akalifungua, akachota kiganja, akanusa.

"Hili ni langu," akasema. "Na la Kiema?"

Nikarudi ndani kuburuta la pili.